Moto Uliopanda Ngazi: Kisa cha Thina, Karai na Chetezo ndani ya Nyumba ya Mawe

Kisa hiki kimefumwa kwa ajili ya uchambuzi. Nyumba yake haipo mahali pa kuoneshwa kidole na watu wake hawana majina. Vipimo vya chumba, tabia ya thina na mwenendo wa kazi ni vile vinavyokutwa katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, na kila kilichoharibika hapa kiliharibika kwa sababu inayoelezeka.

Hali ilivyokuwa

Ni Aprili, masika yameshika. Fundi seremala na kijana wake wamo ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe, wanarudisha sura ya mlango wa ndani: mbao mbili na mfaa uliochongwa katikati, mti wa msaji, vanishi ya miaka mingi iliyokuwa nyeusi na kupasuka kama matope makavu. Mwenye nyumba, bibi wa makamo, anataka mti uonekane rangi yake kabla ya harusi ya mjukuu.

Chumba kina upana wa mita 3, urefu wa mita 6, na kutoka sakafuni hadi dari mita 3.5. Upana huo umeamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, kwani boriti haivuki sana zaidi ya hapo. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu. Kuta ni nene, madirisha ni mawili, yote upande wa kichochoro. Mvua ilipoanza kupiga ndani baada ya adhuhuri, kijana aliyafunga. Mlango wa chumba unafungukia tundu la ngazi, na ngazi yenyewe ni ya mbao, imesimama, inashuka moja kwa moja hadi ukumbi wa chini.

Fundi alikuja na galoni ya lita 4 ya thina ya laka, kimiminika cha kuyeyushia rangi hiyo. Mbao za mlango hazikung'olewa kwa sababu nje kuna mvua na ngazi ni nyembamba. Alimimina kiasi ndani ya karai pana la bati, akampa kijana matambara ya pamba: chovya, pakaza, ngoja, kwangua. Vanishi ikajikunja kidogo hapa, ikabaki pale. Wakaongeza thina. Kufika alasiri galoni ilikuwa imebaki lita moja, yaani lita 3 zimeshatoka, nyingine zimo ndani ya karai na matambara, na karibu lita 2 hazionekani tena. Kijana alilalamika kichwa kinamgonga, akaambiwa apumzike kidogo kwenye kizingiti kisha aendelee.

Chini, bibi alikuwa akipika kwa seredani, jiko la makaa, uani, chini ya bati. Alipoingia ukumbini harufu ikamkabili. Akaita kutoka kwenye ngazi:

"Fundi, mwanangu, harufu hii imetuzidi huku chini. Nifukize udi?"

"Fukiza tu, bibi, hakuna neno. Sisi tunakaribia kumaliza."

Alitia makaa mekundu kwenye chetezo, akakiweka sakafuni karibu na ngazi ya kwanza, akainama kuyapepea kabla ya kuweka udi. Ulimi wa moto ulitoka kwenye chetezo, ukapita juu ya sakafu, ukapanda ngazi na kuingia chumbani kwa muda usiotosha mtu kusema neno. Karai likashika, matambara yakashika, mlango ukashika. Kijana, aliyekuwa amechutama, aliungua miguu kuanzia magoti kwenda chini, na suruali yake ya nailoni ikamgandia. Bibi aliungua mikono na uso, na upindo wa kanga ukawaka. Fundi aliyekuwa amesimama alitoka na nywele za mikono zilizochomeka tu.

Jirani alipanda na ndoo ya maji, akaimwaga ndani ya karai. Moto ukatapakaa sakafu nzima.

Kwa nini thina ilitumika nyingi namna ile

Uchambuzi wa moto mara nyingi huanzia kwenye cheche. Kisa hiki kinaanzia nyuma zaidi, kwenye aina ya vanishi. Vanishi ya mafuta haikauki kwa kuruka kimiminika chake peke yake. Mafuta yake hushikana na oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa kitu kipya ambacho hakirudi kuwa majimaji. Thina ya laka huifanya ivimbe na kujikunja, haiiyeyushi. Laka yenyewe ni kinyume chake: hata ikiwa na miaka 20, thina huirudisha kuwa uji. Na ile polishi ya zamani inayopakwa kwa spiriti hulainika kwa spiriti.

Fundi angejua hili kwa jaribio la dakika mbili. Chagua mahali pasipoonekana, nyuma ya ubao karibu na bawaba. Dondosha tone la spiriti, ngoja dakika moja, gusa kwa pamba. Ikinata, ni polishi ya spiriti. Isiponata, dondosha tone la thina mahali pengine. Ikilainika hadi kuacha rangi kwenye pamba, ni laka. Ikijikunja tu au isifanye chochote, ni vanishi ya mafuta au ya plastiki, na hapo galoni nzima haitasaidia kitu. Kazi hiyo ni ya kikwangulio chenye makali na msasa, kwanza namba 80, kisha 120, kisha 180, na kwenye nakshi ni brashi ya waya laini wa shaba na subira. Thina itabaki kuwa ya kufutia vumbi mwishoni, kwa kikombe kimoja.

Kwa hiyo lita 3 zilimwagwa kwa sababu kitu hakikufanya kazi na mtu akadhani dawa ni kuongeza. Sisi tunaihesabu hii kuwa sababu ya kwanza ya moto huu, kabla ya dirisha na kabla ya chetezo.

Mvuke ulikuwa wapi

Thina si kitu kimoja. Ni mchanganyiko, na kila kiwanda kina wake, lakini toluini huwamo mara nyingi, pamoja na asetoni au vitu vya jamii yake. Toluini hutoa mvuke wa kutosha kushika cheche kuanzia nyuzi joto 4. Asetoni huanza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huanza kwenye nyuzi 38 au zaidi, na tapentaini ya madukani karibu na hapo. Zanzibar haina siku ya nyuzi 4. Thina ikifunguliwa Unguja au Pemba, mwezi wowote, usiku au mchana, tayari inatoa mvuke unaowaka. Mtu aliyezoea mafuta ya taa, anayeona kiberiti kikizimika ndani ya kibatari kilichomwagika, hana kipimo cha kuijua thina.

Tuhesabu kwa toluini, kwa sababu tabia zake zinajulikana vizuri. Lita moja ikigeuka mvuke wote katika nyuzi 30 hutoa kama lita 230 za mvuke. Mvuke huo hauwaki ukiwa mdogo mno hewani wala ukiwa mwingi mno: huwaka kuanzia asilimia 1.2 hivi hadi asilimia 7. Chumba chetu kina mita za ujazo 63. Lita 2 zilizoruka ni lita 460 za mvuke, na ukizigawa sawasawa chumba kizima unapata asilimia 0.7. Kwa hesabu hiyo ya karatasini, chumba hakiwezi kuwaka.

Kosa la hesabu hiyo ni neno "sawasawa". Mvuke wa toluini ni mzito mara tatu kuliko hewa. Juu ya karai lililoachwa wazi, katika joto la masika, hewa hushiba mvuke hadi asilimia 4 au zaidi, na hewa ya namna hiyo ni nzito kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko hewa safi iliyo pembeni. Inamwagika ukingoni mwa karai, inatambaa sakafuni, inatafuta mteremko. Kwenye chumba kisicho na upepo hukaa chini. Chukua sentimita 40 za chini tu: ni mita za ujazo 7.2, na kuzifikisha asilimia 1.2 kunahitaji chini ya nusu lita ya toluini. Fundi alikuwa na mara nne ya hiyo hewani.

Hili linaeleza miguu ya kijana. Waliosimama na waliochutama hawakuwa ndani ya hewa moja. Kifua cha fundi kilikuwa juu ya safu ya mvuke, na magoti ya kijana yalikuwa ndani yake.

Tundu la ngazi nalo lilifanya kazi ya mfereji. Nyumba nyingi za mawe hazina mlango juu ya ngazi, na mvuke unaofika kwenye ukingo wa sakafu hushuka kipandio kwa kipandio hadi ukumbini. Unachanganyika na hewa njiani na kupungua ukali, lakini unaendelea kulishwa kutoka juu saa nzima. Bibi alipokuwa akiinama na chetezo, alikuwa anainama mahali ambapo mvuke wa chumba cha juu ulikuwa ukikusanyika. Moto ulipopanda, ulifuata njia ile ile mvuke ulioshukia.

Watu wengi huweka thina mbali na moto wanaouona, na hilo ni jema. Kinachopaswa kupimwa ni umbali kwa kufuata sakafu: kutoka kwenye karai, kupita kizingiti, kushuka ngazi, hadi kila jiko, chetezo, mshumaa, friji na swichi iliyo chini ya usawa wa kazi. Katika kisa hiki umbali wa macho ulikuwa ghorofa nzima, lakini kwa mvuke ilikuwa njia iliyonyooka na inayoteremka.

Pua ya nani iliaminiwa

Harufu ya toluini husikika ikiwa kidogo sana, mamia ya mara chini ya kiwango cha kuwaka. Kwa hiyo harufu peke yake haisemi kwamba chumba kitalipuka. Shida ni kwamba pua huchoka. Aliyekaa nayo saa mbili haisikii tena, na anapoulizwa hujibu kwa uhakika kwamba imepungua. Ndiyo maana fundi alijibu "hakuna neno". Bibi, aliyetoka uani kwenye hewa safi, ndiye aliyekuwa na pua nzima humo ndani, na pua hiyo iliripoti kwamba mvuke umeshafika chini.

Ishara ya pili ilikuwa kichwa cha kijana. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, ulevi mwepesi, kichefuchefu: hizo ni dalili kwamba hewa anayovuta imeshachafuka kupita kiasi kinachofaa kwa afya, hata kama bado iko mbali na kuwaka pale kichwa kilipo. Barakoa ya kitambaa au ile ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Inayozuia ni ile yenye vichujio vya mkaa vya mivuke ya kemikali, na nayo haimkingi mtu na moto. Anayeumwa kichwa hapumzishwi kizingitini akarudishwa. Anatolewa nje, na kazi inasimama mpaka hewa ibadilike.

Chetezo

Makaa yaliyofunikwa na jivu, yametulia, huenda yasiwashe mvuke mara moja. Makaa yakipepewa ni jambo jingine: uso wake hupita nyuzi 700, na juu yake huonekana ndimi ndogo za buluu. Ndimi hizo ni moto kamili, ni gesi ya kaboni monoksaidi inayowaka. Bibi hakuleta makaa tu, alileta moto, akauweka sakafuni, kwenye kimo kile kile cha mvuke, na pepeo likauvutia mvuke kwenye makaa.

Hatumlaumu. Kufukiza nyumba iliyonuka ni adabu ya nyumba za huku, na yeye aliuliza kabla ya kufanya. Jawabu la fundi ndilo lililokuwa na uzito, kwa kuwa yeye ndiye aliyekijua kilichomo ndani ya karai. Fundi anayeingia nyumbani kwa mtu na thina ana wajibu wa kuwaambia wenyeji kabla hajafungua galoni: leo hakuwashwi udi, ubani, jiko, mshumaa wala dawa ya mbu ya kuchoma, juu wala chini, mpaka nikuambieni. Aseme kwa majina hivyo hivyo. Ukisema "msiwashe moto" peke yake, mtu hufikiria jiko. Chetezo hakimjii akilini.

Umeme ukikatika jioni, orodha inaongezeka: kibatari na kiberiti. Na ukirudi, friji huanza kwa cheche ndogo ndani ya kidhibiti chake, nayo kawaida imekaa sakafuni. Swichi ya feni ni hivyo hivyo. Chumba kikishajaa harufu, feni iliyozimwa isiwashwe ili kuitoa; fungua madirisha na milango kwanza, ondoka, iache hewa ifanye kazi yake.

Ndoo ya maji

Toluini haichanganyiki na maji, na ni nyepesi kuliko maji. Maji yaliyomwagwa karaini yalikwenda chini, thina inayowaka ikanyanyuliwa, ikafurika ukingoni, ikaelea sakafuni na moto wake. Jirani alikuwa na nia safi na akaigeuza sehemu ya nusu mita kuwa chumba kizima.

Karai linalowaka huzimwa kwa kulifunika. Sinia kubwa la bati, mfuniko wa sufuria, ubao mpana: telezesha kutoka upande wako kwenda mbele ili moto usikurudie mkononi, na usifunue kuchungulia, bati la moto huwasha tena mvuke ukipewa hewa. Mchanga mkavu wa ndoo moja hutosha kwa kilichomwagika sakafuni, ukimiminwa kutoka pembeni kwenda katikati. Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, wa kilo 6, wenye alama ya daraja B (moto wa vimiminika) ndio chombo cha kweli: simama mita 2 hadi 3, elekeza chini ya ndimi, fagia kulia na kushoto. Unga wa mtungi wa namna hiyo huisha kwa sekunde chache zisizofika 30, hivyo simama mahali ambapo mlango uko nyuma yako. Ukiisha na moto upo, toka na ufunge mlango.

Maji yana kazi, lakini ni kwa mtu na kwa mbao zilizoshika moto baada ya thina kwisha. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kiitwe mwanzoni, wakati moto bado uko ndani ya karai, kwa sababu gari haliingii vichochoroni na mipira inabidi ivutwe kwa mikono. Mtu mmoja asimame barabarani panapofika gari, awaongoze. Moto ukizimwa, boriti za dari zikaguliwe kwa mkono zaidi ya mara moja usiku ule. Mti uliobanwa ndani ya chokaa na mawe unaweza kufukuta kwa saa nyingi bila kuonesha ulimi.

Walioungua

Aliyeshikwa na nguo asikimbie. Alale, ajiviringishe, au afunikwe kwa blanketi zito la pamba au sufu. Kisha nguo iliyolowa thina ivuliwe hata kama haijaungua, kwa kuwa inaendelea kutoa mvuke na kuchoma ngozi. Nailoni iliyogandana na ngozi haivutwi. Ikatwe pembeni yake, iachwe hospitali waitoe. Pete na bangili ziondoke mara moja kabla mkono haujavimba.

Kisha maji, dakika 20 kamili, ya kawaida yasiyo na barafu. Bomba likiwa kavu, kata na ndoo hufanya kazi hiyo hiyo: mimina polepole bila kukatisha. Dakika 20 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani na wengi huacha baada ya mbili. Mwili uliobaki ufunikwe, majeruhi asipigwe na baridi. Usipake dawa ya meno, yai, asali, samli wala wino. Vitu hivyo huzuia joto kutoka na humpa daktari kazi ya kukwangua kidonda. Funika kwa plastiki safi ya jikoni au kanga safi isiyo na manyoya. Bibi aliyeungua uso alipaswa kutangulia hospitali hata kama alikuwa akisema hajambo: sauti ikikwaruza, masizi yakionekana puani au nywele za pua zikichomeka, njia ya hewa inaweza kuvimba ndani ya saa chache na kuziba.

Kazi ile ile ingefanywaje

Mbao za mlango zingeng'olewa, kwa gharama ya kumlipa mtu wa kusaidia kuzishusha, zikakaa uani chini ya bati lenye pande wazi. Mvua haizuii kukwangua chini ya bati. Seredani ingehamishwa au mapishi yakaisha kabla. Mita 10 kwenye uwanja wazi, jiko likiwa upande unakotoka upepo, ni umbali wa kiasi. Ikiwa mlango haung'oki, basi msasa na kikwangulio tu, na thina isubiri siku isiyo na mvua ambapo madirisha yote mawili na mlango wa nje wa ukumbi vitakuwa wazi.

Thina itoke dukani kwenye kopo lake lenye maandishi na ile alama ya ndimi ndani ya pembe nne nyekundu. Madukani hupimwa pia kwenye chupa za maji na soda, na hapo tunasema bila kusita: usinunue hivyo. Mtoto mwenye kiu hatofautishi, na akimeza hatapishwi, maana thina ikirudi juu huingia mapafuni na madhara huwa makubwa kuliko ya tumboni. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Tena plastiki nyembamba hulainika kwa thina na kuvuja.

Galoni ikae kivulini, imefungwa, mbali na anayefanya kazi. Mimina robo lita kwa wakati mmoja kwenye kopo la bati lenye mdomo mdogo na kifuniko kinachorudishwa kila baada ya kuchovya. Kopo lenye mdomo wa sentimita 10 lina uso mdogo mara 16 kuliko karai la sentimita 40. Mvuke unaotoka hupungua kwa kadiri hiyo. Unapomimina, gusanisha bati na bati, taratibu, bila kurusha kutoka juu, kwani toluini inapotiririka hujikusanyia umeme wake yenyewe. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwenye galoni iliyobaki robo. Galoni iliyojaa ina nafasi ndogo ya hewa. Ile iliyobaki robo, katika joto letu, ina hewa yenye mvuke wa asilimia 4 hadi 5, katikati kabisa ya eneo la kuwaka. Lita moja iliyobaki kwenye galoni ya kisa hiki ndiyo iliyokuwa hatari kuliko lita 4 za asubuhi, na ilikuwa imekaa mlangoni bila kifuniko.

Nguo ziwe za pamba. Glavu ziwe nene za kuzuia kemikali, zibadilishwe zikilainika; za mpira wa naitraili na zile nyembamba za hospitali hazistahimili asetoni.

Matambara na kilichobaki

Matambara ya thina yakianikwa nje huisha mvuke kwa muda mfupi na hayajiwashi yenyewe. Hatua inayofuata ya kazi ni nyingine. Mlango ukishavuliwa vanishi hupakwa mafuta ya kitani au vanishi mpya ya mafuta, na matambara ya mafuta hayo yakifinyangwa pamoja na kuachwa pembeni hujipasha moto wenyewe, kwa sababu mafuta yanapokauka hutoa joto na fundo la nguo hulizuia lisitoke. Yanaweza kushika saa kadhaa baadaye, nyumba imelala. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo kwa kiasi cha kutisha, na aliyezoea kusugua mbao kwa mafuta ya nazi hana sababu ya kulitarajia kutoka kwa kitani. Yatandazwe moja moja kwenye kamba nje mpaka yakakamae, au yatiwe ndani ya kopo la bati lenye maji na kifuniko.

Thina chafu isimwagwe mtaroni wala chooni. Mvuke wake hutembea ndani ya mitaro na kutokea kwenye nyumba ya mtu mwingine ambaye hajui kuna fundi mtaani. Irudishwe kwenye kopo la bati, ifungwe, ikae siku mbili. Mashapo yatazama chini na juu itabaki thina safi ya kutosha kuoshea brashi mara nyingine. Mashapo yenyewe yapakuliwe kwenye mchanga, yaachwe yakauke nje mahali pa wazi penye ulinzi dhidi ya watoto na kuku, kisha yafungwe yatupwe na taka ngumu.